Nani ashike redio ya gari?

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Nina Noah, na kila asubuhi natoka Moshi kwenda kazini Arusha na wenzangu wanne tunaochangia mafuta. Mmoja hataki kingine ila kwaya, kijana wa nyuma anataka singeli, na mama mmoja mtu mzima hasemi neno, anashika tu kichwa. Gari ni langu. Nifanyeje?
Msomaji, Soweto, Moshi

JIBU: Gari ni lako, lakini mafuta ni ya wote, kwa hiyo redio nayo ina wenyewe.

Tuanze na mama, maana huenda kinachomuumiza si wimbo. Kama amekaa karibu na spika ya nyuma, sauti unayoiona ya wastani inampigia sikioni. Kwenye mpangilio wa sauti wa redio tafuta F (mbele) na R (nyuma), usogeze sauti kuelekea F pointi mbili au tatu. Kisha shusha besi. Mngurumo wa matairi huimeza, dereva anaiongeza, matokeo yake milango na viti vinatetemeka na maneno hayasikiki. Iache kwenye sifuri au chini kidogo, upandishe sauti za kati. Mmepatia pale wa mbele na wa nyuma wanapoongea bila kupaza sauti. Mkifungua madirisha mtaipandisha kushindana na upepo. Basi ishushe kabla ya kusimama kwa trafiki.

Kwaya na singeli mgawane barabara. Moshi hadi Boma Ng'ombe mmoja, Boma hadi Usa River mwingine, na kuanzia hapo, foleni ikinukia, taarifa ya habari au kimya. Kipande cha pili ni kirefu, kwa hiyo kesho yake wabadilishane. Wa siti ya mbele ndiye abadilishe nyimbo, dereva asiguse simu.

Tumieni flashi. Simu ikiunganishwa kwa bluetooth, ugomvi wako wa nyumbani utasikika gari zima. Unaweza kuzima kipengele cha simu na kubakiza muziki, lakini ujumbe wa sauti wa WhatsApp bado utatoka kwenye spika.

Mkipishana na msafara wa msiba, zima kabisa. Mkiwa mmebeba wafiwa, hata kwaya isipigwe mpaka waombe wao.

SWALI: Nikimwambia dereva wa teksi apunguze muziki, ananuna. Nisemeje?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Sema mapema, mkishasalimiana na gari halijaondoka: "Kaka, naomba unipunguzie redio kidogo." Ukingoja katikati ya wimbo anaoupenda, ataona umemkatiza. Usiukosoe wimbo wenyewe, na usinyooshe mkono kwenye redio yake hata kama umekaa mbele. Akishapunguza, na wewe usianze kufungua video za simu bila hedifoni; hapo atanuna kwa haki.