Mkabidhini mmoja wenu daftari: ushauri kwa wanafunzi wanaotaka kutengeneza katuni ya wanasesere

Timu yetu ilikuwa ya watu watano, wote wanafunzi, na filamu yetu ilikuwa ya dakika mbili na sekunde kumi. Tuliipiga kwa simu, usiku, katika chumba cha uani huko Mbagala, Dar es Salaam, alichotuachia shangazi wa mwenzetu mmoja. Wanafunzi wanaotaka kujaribu huniuliza tulitumia kamera gani, programu gani, udongo wa aina gani. Nitayajibu hayo. Lakini jambo la kwanza ninalowaambia ni hili: mchagueni mapema mtu mmoja asiyemgusa mwanasesere kabisa, mkabidhini kaunta buku na kalamu, kisha mumtii. Sisi tulichelewa kumchagua, na kuchelewa huko kulitugharimu wiki mbili nzima.

Kwa asiyeijua kazi hii: unamweka mwanasesere mezani, unampiga picha, unamsogeza kidogo sana, unampiga tena. Picha zikipitishwa upesi, jicho linamwona anatembea. Sinema hupitisha picha 24 kila sekunde. Katika kazi ya wanasesere watu wengi hupiga 12 tu, kila moja ikaonyeshwa mara mbili, na mtazamaji anaridhika. Ifanyeni hesabu hiyo kabla hamjaandika hadithi. Hadithi yetu ya kwanza ilikuwa ya dakika sita, yaani sekunde 360, yaani picha 4,320. Usiku wa kwanza, kuanzia saa tatu mpaka saa tisa, tulipata picha 40. Kwa mwendo huo tungehitaji usiku 108, na likizo yetu haikufika hata nusu yake.

Tukaikata hadithi. Akabaki bibi mmoja, chumba kimoja na ukili mmoja. Bibi anasuka ukili, ule mkanda mrefu wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Ukili unarefuka, unavuka sakafu, unatoka mlangoni, unashuka mpaka pwani. Picha 1,560, shoti 17, yaani vipande 17, kila kimoja kikipigwa kwa mkao mmoja wa kamera. Bibi hasemi neno hata moja, na hilo lilitupunguzia mzigo mkubwa, kwa sababu mhusika anayesema anadai midomo ya kubadilisha kwa kila sauti, na maneno yake lazima yarekodiwe kwanza kisha yahesabiwe picha kwa picha. Kwa filamu yenu ya kwanza nawasihi mchague mhusika mwenye kazi ya mikono. Kushona, kukuna nazi, kufunga mzigo. Mikono ikifanya kazi ya kweli, mtazamaji anakaa.

Ukili ulitufaa kwa sababu miyaa, yale majani membamba ya kusukia, ukiipinda inabaki ilivyopindwa, haichezi kama kitambaa. Ila miyaa husukwa ikiwa imelowekwa, na ikishasukwa inaendelea kukauka. Ukili tulioupiga picha saa tatu usiku ulikuwa na rangi moja. Saa nane ulikuwa umepauka na kusinyaa kidogo, na kwenye filamu ukaonekana unapumua. Tulitupa shoti mbili kabla hatujaelewa. Dawa yake ilikuwa kuusuka wote mapema, kuuanika siku nne, kisha kuushonea waya mwembamba upande wa chini ili tuupinde tutakavyo. Chochote kinachokauka, kunyauka, kuyeyuka au kuchacha, kitazameni hivyo hivyo: mkate, jani, udongo wa mfinyanzi, ua. Kiwekeni mezani usiku mmoja mkipige picha kila nusu saa, mwone kinavyobadilika, kabla hamjakipa nafasi kwenye hadithi.

Mwili wa bibi tuliutengeneza mara tatu. Mifupa ya kwanza ilikuwa ya waya wa kufungia nondo. Ni rahisi, unapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, lakini ukiupinda na kuukunjua mara nyingi mahali pamoja unakatika, na kiwiko cha kulia kilikatika usiku wa tatu, mkono ukiwa hewani. Tafuteni waya wa alumini, msokote nyuzi mbili pamoja, na kila mkono muutengeneze uweze kuchomolewa na kubadilishwa. Nyama ya mwili ilikuwa sponji la godoro. Kichwa tulikitengeneza kwa magazeti na gundi ya unga wa ngano, kizuri sana, tukakiacha mezani tukaenda kulala. Asubuhi sisimizi walikuwa wameingia kwa shingo na kula sikio. Tangu hapo tulitumia gundi nyeupe ya mbao, na tulitengeneza vichwa viwili kila mara. Plastisini tuliibakiza kwa kope peke yake, maana chini ya bati, pamoja na taa, pua ya plastisini inateremka polepole hata kabla hamjaiona.

Miguu iwe na njia ya kushikwa. Tulibandika nati ndani ya nyayo, tukatoboa meza ya plaiwudi kwa drili, tukawa tunakaza skrubu kutoka chini. Kila hatua tundu jipya, la zamani linazibwa na vumbi la sakafu yenyewe. Bila hivyo bibi wenu ataanguka kila akiinua mguu mmoja.

Kuhusu nguo: kila mnapomgusa mwanasesere, kitambaa kinajikunja upya, na kwenye filamu nguo inachemka kama uji. Hata King Kong, yule sokwe mkubwa wa filamu ya mwaka 1933, manyoya yake yanatikisika kwa sababu ya vidole vilivyokuwa vikimshika. Kwake ilipendeza, ni mnyama. Kanga ya bibi aliyekaa kimya ikitikisika vile inaharibu utulivu wote. Tuliichovya kanga kwenye gundi iliyopunguzwa kwa maji, tukaikunja mikunjo tuliyoitaka, tukaiacha ikauke ikawa ngumu.

Sasa taa. Umeme wetu wa ukutani huzifanya taa nyingi zipwite mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera ikifungua tundu lake kwa muda mfupi sana, picha moja inadaka mwanga na nyingine inadaka upungufu, na filamu inamemeteka. Uzuri wa kazi hii ni kwamba mwanasesere hatikisiki. Basi iacheni kamera ifungue hata nusu sekunde, mapigo yote yachanganyike. Tatizo la pili lilitutesa zaidi: friji ya jirani ikiwaka, taa yetu inafifia kidogo. Tulihamia kwenye taa mbili za LED zilizochomekwa kwenye pawabanki, na hilo likaisha. Dirisha tuliliziba kwa maboksi, feni ikazimwa, na kila aliyekaa karibu na meza alivaa nguo nyeusi, kwa kuwa shati jeupe linarudisha mwanga kwenye uso wa mwanasesere, na mvaaji akiinama tu, uso unabadilika rangi.

Simu yoyote nzuri inatosha, mradi programu ya kamera iwaruhusu kufunga mwanga, fokasi na rangi visijibadilishe vyenyewe. Sisi tulitumia Stop Motion Studio. Programu ya aina hiyo inawaonyesha kivuli cha picha iliyotangulia juu ya ile mnayotaka kupiga, mnaona mkono umesogea kiasi gani. Iwekeni simu kwenye hali ya ndege. Msiiguse wakati wa kupiga. Hedifoni za waya zina kitufe cha sauti, na kwenye simu nyingi kitufe hicho kinapiga picha. Stendi ifungeni kwa tepu sakafuni na muining'inizie mfuko wa mchanga. Pia jueni majirani wanatwanga saa ngapi, maana mchi ukishuka kwenye kinu nyumba ya pili, meza yenu inapokea.

Narudi kwenye daftari, kwa sababu yote niliyosema hapo juu mtayagundua wenyewe kwa kukosea, ila hili timu nyingi zinavunjika kabla ya kuligundua.

Wiki ya kwanza sote watano tulikuwa mezani. Kila mmoja alimpenda bibi na kila mmoja alitaka kumsogeza. Mmoja anasogeza kwa woga, mwingine kwa hatua ndefu, wa tatu anarekebisha kichwa kilichokuwa sawa. Tulipoitazama shoti ya kwanza, bibi alikuwa na tabia tatu ndani ya sekunde saba. Tukaanza kulaumiana, kwanza kwa utani, kisha kwa uchungu wa kweli, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka nani alifanya nini kwenye picha ya ngapi. Usiku uliofuata umeme ukakatika, mtu akaugonga mguu wa meza gizani, bibi akaanguka. Tulikuwa na picha 84 nzuri na hatukuweza kumrudisha alipokuwa. Wawili walitaka tuache kabisa.

Mwenzetu mmoja, aliyekuwa amepangiwa sauti na kwa hiyo hakuwa na kazi bado, alikuja kesho yake na kaunta buku ya kurasa nyingi na rula. Akaomba jambo moja: awe yeye anayepiga picha, na asiipige mpaka ameandika. Tukakubali kwa sababu tulikuwa tumechoka kubishana.

Aliandika hivi. Juu ya ukurasa, namba ya shoti na jina la anayesogeza. Aliyeanza shoti ndiye atakayeimaliza, hata ikifika alfajiri. Chini yake, mipangilio ya simu. Kisha umbali kutoka kwenye lenzi hadi pua ya bibi, aliopima kwa uzi wenye mafundo, na urefu wa kila taa kutoka mezani, na alama ya tepu mahali inapokaa. Kisha mistari: picha ya 37, mkono wa kulia milimita 4 juu, ukili milimita 2 mbele, jicho limetulia. Kabla ya kubonyeza anasoma kwa sauti: mkono, ukili, jicho, mikono nje? Msogezaji anajibu, mikono nje. Ndipo anapiga.

Mtaona kama inachelewesha. Ndani ya usiku nne tulitoka picha 40 tukafika 100, kwa sababu hakuna tena aliyesimama kufikiri "tulikuwa wapi?" Msogezaji alibaki na mwanasesere wake tu. Chumbani tulikaa watatu: anayesogeza, anayetazama taa, na mwenye daftari. Wengine wawili walifanya kazi mchana, kutengeneza vichwa, kukausha miyaa, kuunganisha picha kwenye laptopu, kisha wakatuachia karatasi ya makosa mlangoni. Umeme ulikatika tena kwenye shoti ya nane, meza ikagongwa tena, safari hii bibi akalala kifudifudi. Ilituchukua dakika 25 kumrejesha kwa rula, uzi na kile kivuli cha picha ya mwisho, tukaendelea kutoka picha ya 52. Hakuna aliyeuliza nani ameigonga meza.

Mwenye daftari asiwe yule mnayemwona hana kipaji. Mpeni mtu mwenye subira anayeweza kumwambia rafiki yake "rudia" bila kumuumiza. Jean-Michel Kibushi wa Kongo, aliyetangulia katika kazi hii huku kwetu, aliita studio yake Malembe Maa. Malembe kwa Kilingala ni polepole. Mtu wa daftari ndiye anayelinda polepole hiyo wakati sisi wengine tunataka kumaliza tukalale.

Sauti nitaipita kwa ufupi. Tulirekodi usiku wa manane chini ya blanketi: miyaa mikavu ikisuguliwa, mlango, pumzi ya mtu halisi. Pumzi ndiyo muhimu. Mwanasesere asiyesikika akipumua anabaki kuwa sponji na waya.

Tulipomaliza shoti zote 17 tulimwita Shangazi aone. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akatazama kimya mpaka mwisho. "Hongereni wanangu," akasema. "Lakini huyu bibi mbona haongezi miyaa? Ukili wake unatoka wapi?"

Shangazi husuka mikeka. Kwa wiki zote zile tulikuwa tukimpa shikamoo kila jioni akiwa barazani na ukili mkononi, tukimpita kwenda chumbani kumtengeneza msusi wetu. Mwanasesere wetu alichezesha vidole na ukili ukarefuka wenyewe. Kila anayejua kusuka angeliona kosa hilo papo hapo. Kama filamu yenu inagusa ufundi wa mtu, nendeni mkakae naye kabla hamjapinda waya wa kwanza.

Meza ilikuwa imeshavunjwa siku tisa. Mwenzetu akafungua kaunta buku kwenye ukurasa wa shoti ya sita. Umbali wa lenzi, urefu wa taa, mipangilio ya simu, pembe ya goti la bibi, yote yalikuwepo. Shangazi alituonyesha mara kadhaa jinsi mwaa mpya unavyoingizwa, nasi tukahesabu muda kwa saa: sekunde tano, picha 60. Kufika saa tano na nusu usiku meza ilikuwa imesimama kama ilivyokuwa, na kivuli cha picha ya zamani kikalala juu ya bibi bila kupishana. Akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua mwaa kwenye fungu, akauingiza. Tulimaliza saa kumi na moja alfajiri.

Jioni yake tulimwonyesha Shangazi tena. Ilipofika shoti ya sita alijivuta mbele kwenye kiti, akatazama mikono ile mpaka ikapita, akatuomba tumrudishie.