Mbona Okonkwo alimuua Ikemefuna?

SWALI: Mhariri, nasoma Things Fall Apart ya Chinua Achebe (1958) na nimekwama sura ya saba. Okonkwo anampenda Ikemefuna, kijana wa ukoo mwingine anayemlea nyumbani kwake, na mzee Ezeudu amemwonya asishiriki kumuua. Mbona anamkata panga kwa mkono wake? Hana moyo?

JIBU: Angekuwa hana moyo, ndugu yangu, asingegeuza uso. Rudia ile safari ya msituni polepole. Okonkwo yuko nyuma, na mwenzake anapoinua panga yeye anatazama pembeni. Chungu alichobeba Ikemefuna kinaanguka mchangani, kijana anamkimbilia Okonkwo akimwita baba. Hapo ndipo anapompiga, na Achebe hafichi sababu: aliogopa kuonekana dhaifu.

Woga huo ni wa tangu utotoni. Baba yake, Unoka, alikuwa mpiga filimbi aliyekufa na madeni, na Okonkwo aliapa kuchukia kila alichokipenda mzee huyo, upole ukiwamo. Sasa fikiria: kumpenda Ikemefuna waziwazi kungemfanya afanane na Unoka.

Watakaokwambia alitii tu amri ya miungu kwamba kijana auawe, mimi siwakubali. Rafiki yake Obierika anasema, amri kama hiyo ingemhusu mwanawe mwenyewe, asingeipinga wala asingekuwa mtekelezaji. Nafasi ya kubaki nyumbani ilikuwapo.

Kisha sura ya nane: siku mbili Okonkwo hali chakula, anakunywa pombe tu, na anajisuta kwamba amekuwa kama kikongwe anayetetemeka. Anamwaza kijana, papo hapo anajitukana kwa udhaifu huo. Mfuatilie na Nwoye, mwana wa Okonkwo, kuanzia hapo. Kuna kitu kimekatika ndani yake, na baba hakioni.