Udaku au msisimko?

Swali: Natafsiri makala kuhusu Daily Mirror la Uingereza. Nimeandika: "Katika miaka ya 1930 gazeti lilikuwa zaidi na zaidi la udaku, pamoja na katuni zake." Mwenzangu anapinga neno "udaku". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Mwenzako, ndugu msomaji. Udaku ni kazi ya mdaku: kuchungulia mambo ya ndani ya watu na kuyatangaza. Bila mtu halisi mwenye siri zake, udaku haupo.

Sasa mtazame Jane, binti wa katuni aliyeanza kuchorwa na Norman Pett katika Daily Mirror mwaka 1932. Mwanzoni vilikuwa vituko vyepesi tu vya msichana na mbwa wake. Baadaye nguo zikaanza kumnasa, kumchanika na kumvuka, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia askari wa Uingereza walimfuatilia kwa hamu. Jane ni wa kuchorwa, hana siri ya kufichuliwa. Alichowapa wasomaji ni msisimko, neno la ukoo mmoja na kusisimka: damu kuchemka, vinyweleo kusimama. Hicho ndicho alichokitafuta Harry Guy Bartholomew, mkuu wa uhariri wa Daily Mirror, alipolibadili gazeti hilo, lililoanzishwa mwaka 1903 kwa ajili ya wanawake, akalijaza picha na vichwa vya habari vinene vyeusi. Udaku hutaja kinachoandikwa. Msisimko hutaja namna msomaji anavyoguswa. Wala usikimbilie "kutia chumvi", maana hapo utakuwa umelishtaki gazeti kwa kupotosha ukweli, jambo ambalo sentensi yako haikukusudia.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni hilo "zaidi na zaidi". Naliona kila siku katika tafsiri, na linaudhi kwa sababu Kiswahili kina kitenzi kizima cha kazi hiyo: kuzidi. Tena tuna "kadiri", inayoonyesha jambo likikua hatua kwa hatua. Ningeandika: "Kadiri miaka ya 1930 ilivyosonga, gazeti lilizidi kusaka msisimko, na katuni zake zikafuata mkondo huohuo."

Ukihitaji jina la aina nzima ya magazeti hayo, Tanzania tunasema "magazeti pendwa". Udaku uuweke kwa kurasa zinazofukua ndoa na ugomvi wa watu maarufu.