Samaki kuzubaa kwenye maji yenye maikroplastiki: kagua kwanza ulichomimina

Umeuliza kama maikroplastiki, yaani chembe ndogo sana za plastiki, hapa za polistirini (aina moja ya plastiki), ndizo zilizowafanya vifaranga wako wa samaki wazubae na kula polepole. Huenda ndizo, ila kwa jaribio ulivyolieleza, kundi lenye plastiki na kundi la maji matupu tu, huwezi kujua.

Anza na chupa. Chembe zinazouzwa kwa ajili ya maabara mara nyingi huja ndani ya maji yenye sodiamu azidi ya kuzuia bakteria, na sabuni ya kuzuia chembe zisigandane. Azidi huzuia seli kutumia oksijeni, kwa hiyo mnyama atazubaa hata pasipo plastiki. Zungusha chembe kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi ili chembe zitengane na maji), engua maji ya juu, ongeza maji safi, rudia mara kadhaa. Yale maji ya kwanza usiyamwage: wape kundi la tatu, kwa ujazo uleule. Kundi la nne lipate udongo wa kaolini wenye chembe za ukubwa unaokaribiana. Hilo la nne ndilo wengi huliruka, nalo ndilo linaloonyesha kama tatizo ni plastiki au ni tumbo kujaa kitu kisicho na lishe.

Kipimo nacho hudanganya. Miligramu 1 kwa lita inasikika kidogo, lakini kwa polistirini ya kipenyo cha maikromita 10 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) ni takriban chembe milioni 1.8, kwa maikromita 1 ni bilioni 1.8! Andika uzito na idadi. Polistirini huzama taratibu, polithini huelea, kwa hiyo chota maji juu na chini, mwanzo na mwisho, uhesabu kwa hadubini.

"Kula polepole" ni kipimo butu. Katika utafiti wa mwaka 2015, kopepodi (wanyama wadogo wa majini wa jamii ya kamba) wa Calanus helgolandicus, kwenye chembe 75 za polistirini za maikromita 20 kwa kila mililita, walionekana kuchagua mwani wa ukubwa mdogo zaidi, wakapata kaboni pungufu. Angalia wanachokula, si kasi tu.

Plastiki mpya pia si sawa na iliyolowa baharini ikaota utando wa vijidudu: dagaa aina ya anchovy waliitikia harufu ya hiyo ya pili, si ya plastiki safi.

Na tafadhali, ile makala ya jarida la Science ya 2016 kuhusu vifaranga wa perch (aina ya samaki) kupendelea kula plastiki ilifutwa 2017, data ghafi ikiwa haipo. Bado inanukuliwa ovyo. Wewe hifadhi video zote, na anayezihesabu asijue tangi lipi lina nini.