Unahamia Kawasaki? Anza na treni, nyumba baadaye

Wengi mnaokuja Japani mnachagua nyumba kwa kuuliza swali moja: Tokyo ni mbali kiasi gani? Kwa Kawasaki swali hilo litakupoteza. Huu ni mji wa watu zaidi ya milioni 1.5, mwembamba na mrefu, uliojilaza kando ya mto Tama kama kanga iliyoanikwa. Ng'ambo ya mto ni Tokyo, na kusini ni Yokohama. Viwanda viko chini, baharini. Juu, kaskazini-magharibi, ni vilima na makazi ya watu wanaorudi kulala tu.

Kutoka stesheni ya Kawasaki hadi Shinagawa kwa treni ya Tokaido ni kituo kimoja, dakika 10 hivi. Lakini ukipanga Noborito, kule juu kaskazini-magharibi, na kazi yako iko Higashi-Ogishima, kisiwa cha bandari ndani ya mji uleule, itabidi upande treni ya Nambu mpaka mwisho, kisha basi mpaka kisiwani, na saa nzima imekatika. (Huko kisiwani utaona magari yaliyotumika yamepangwa yakisubiri meli. Huenda moja utakutana nalo Dar au Mombasa.)

Kabla ya kusaini chochote, ipande Nambu asubuhi saa moja na nusu, upitie stesheni ya Musashi-Kosugi. Watu wamejipanga kwenye alama za sakafuni, mabegi wameyavaa kifuani, kimya kabisa. Mlango ukifunguka, wa mwisho anaingia kinyumenyume na kukusukuma kwa mgongo, bila hata kukutazama. Huna haja ya kushika bomba, kwani hata ukitaka kuanguka hakuna pa kuangukia. Kama huwezi hali hiyo siku tano kwa wiki, hamia karibu na kazi. Nauli isikutishe, maana waajiri wengi hulipa pasi ya treni. Kinachouma ni muda, hasa kwa wenye zamu: treni za mwisho ni kama saa sita na nusu usiku, na za kwanza ni karibu saa kumi na moja alfajiri. Katikati hapo ni teksi, na teksi ya usiku inakula posho ya siku nzima.

Mimi nawashauri watu wa zamu wakae kusini, wadi ya Kawasaki-ku. Mtaambiwa hewa ni chafu. Sifa hiyo ina historia: mwaka 1982 wagonjwa wa pumu walizishtaki kampuni na serikali, na kesi hazikuisha mpaka miaka ya 1990. Hewa ya leo si ile, na tanuru la kampuni ya chuma ya JFE lilizimwa Septemba 2023. Malori ndiyo yapo, hilo siwafichi. Maghorofa ya Musashi-Kosugi yanapendeza, ila kimbunga cha Oktoba 2019 kilifurisha chumba cha umeme chini ya mojawapo, na wakazi wakapanda ngazi kwa siku kadhaa bila lifti wala maji. Omba ramani ya mafuriko ya mtaa wako, manispaa inayo.

Kuhusu dalali: wenye nyumba wengine hukataa wageni waziwazi, usiumize kichwa, nenda kwingine. Andaa pesa za amana, za mwenye nyumba zisizorudi, za dalali na za kampuni ya dhamana. Jumla mara nyingi inafika kodi ya miezi minne au zaidi. Nyumba za UR, shirika la nyumba la umma, hazidai dalali wala mdhamini, ingawa nyingi ni za zamani. Ukishahamia, una siku 14 kujiandikisha ofisi ya wadi.

Taka hutolewa kabla ya saa 2 asubuhi, siku iliyopangwa, chini ya wavu wa kuzuia kunguru. Ukichanganya plastiki na mabaki ya chakula, mfuko unaachwa palepale umebandikwa karatasi ya onyo, na jirani wote wanajua ni wa nani. Hakuna atakayekugombeza. Hilo ndilo baya zaidi.

Sasa hela, na hapa wengi hushtuka. Kodi ya wakazi hukokotolewa kwa kipato cha mwaka uliotangulia na huanza kukatwa Juni. Kwa hiyo mwaka wa kwanza mshahara unaonekana mtamu, wa pili unapungua hata kama hakuna aliyekupunguzia. Ni karibu asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi. Usikope wala kuahidi ada za wadogo zako kwa kuangalia mshahara wa mwaka wa kwanza.

Siku ya kuondoka, michango ya pensheni unaweza kudai urudishiwe sehemu kwa mkupuo, hesabu ikiishia miaka mitano. Una miaka miwili tangu kuondoka. Marejesho ya pensheni ya waajiriwa hukatwa kodi ya asilimia 20.42. Kodi hiyo nayo unaweza kudai urudishiwe, ila lazima uwe umeteua mtu aliyeko Japani akushughulikie kwenye ofisi ya kodi. Mteue kabla hujapanda ndege.