Menifodi ya kununua kwa 1JZ

SWALI: Fundi shikamoo, nina Toyota Chaser yenye injini ya 1JZ-GTE (ya turbo), nataka kubadili menifodi ya kuvutia hewa, jamaa ananiuzia ya injini ya 2JZ-GE (isiyo na turbo) anasema inaingia tu. Gari ni la kazini, foleni kila siku.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo ya GE achana nayo, matundu ya silinda hedi ya GE na GTE hayalingani. Halafu hizi menifodi nyingine za kubadilishia, za mirija mifupi, zinanoga rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) zikiwa juu, rpm zikiwa chini gari linakuwa zito, sasa kwenye foleni utafaidi wapi? Ukikomaa, weka rula kwenye flenji (uso unaobanwa kwenye injini) kabla hujalipa maana za bei chee hupinda kwenye kuchomelewa, zinavuta hewa pembeni na silinda moja inakosa mafuta ya kutosha. Na mpira wa busta ya breki (inayokusaidia kukanyaga breki) uwe na pa kuchomeka!