"Mgonjwa wa usonji" au "mwenye usonji"?

SWALI: Mtoto wa jirani yangu ana usonji. Juzi nilimwambia mama yake, "Pole kwa kuuguza," akaninyamazia. Nilikosea wapi? Na je, "msonji" ni neno sahihi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kosa limo kwenye kitenzi. Anayeuguza ana mgonjwa, na mgonjwa tunangoja apone au azidiwe. Usonji hauko hivyo. Mtoto hukua nao, akawa mtu mzima nao. Ndivyo ubongo wake unavyopokea sauti, mwanga na maneno ya watu. Wewe ulimpa mama pole ya kuuguza, na pengine saa ileile mwanawe yuko uani, mzima wa afya, anapanga vifuniko vya soda kwa rangi. Kwa hiyo "anaugua usonji" na "anasumbuliwa na usonji" tuyaache. Tuseme "ana usonji", "mtoto mwenye usonji".

Nalipenda sana hili neno "mwenye". Mwenye duka, mwenye hekima, mwenye mji. Na "mwinyi", jina la heshima la pwani, limetoka hapohapo. "Msonji" halivunji sarufi, ila linamfanya mtoto awe usonji mtupu, hana jingine. Mwenye hali hiyo akijiita hivyo mwenyewe, mfuate, ni haki yake.

Wapo wanaodai kila jina la mtu lenye ki- ni la dharau kwa kuwa ni ngeli ya vitu. Siafiki. Mbona kijana na kiongozi hawalalamiki? Viziwi wa Tanzania wameliweka neno lao kwenye jina la chama, CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania. Linalowaudhi ni "bubu", maana lugha wanayo, lugha ya alama. Wenzao wakachagua "wasioona" badala ya "vipofu". "Kilema" lina tatizo lake: ni jina la mtu na papo hapo ni jina la kasoro yenyewe, ndiyo maana "mtu mwenye ulemavu" limeshika hadi kwenye sheria ya Tanzania ya mwaka 2010. "Zeruzeru" nalo limepisha "mtu mwenye ualbino". "Taahira", "zezeta" na "punguani" siwezi kuyatetea hata kidogo.

Tahadhari moja: mitaani usonji huitwa "mtindio wa ubongo". Hiyo ni hali nyingine, inayogusa zaidi misuli na mwendo. Mtoto mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili, lakini majina yasichanganywe.

Kwa jirani yako, rudi umuulize mtoto anaendeleaje na michezo yake, kama unavyouliza watoto wengine. Na siku ukipita asikupe shikamoo, wala asikutazame usoni, neno la kulizuia mdomoni ni "hana adabu". Kwa akina mama wengi hilo linachoma kuliko "mgonjwa". Mpungie mkono, mwite kwa jina lake, upite.